Floraidi: Sumu Isiyoogopa Moto

Sisi akina mama wa Buswelu tunachemsha maji ya kunywa ya watoto, na tunafanya vema, kwa maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini yako madini yasiyoogopa moto, nayo ni floraidi.

Floraidi hutoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya visima. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga na Mwanza ina visima vya namna hiyo. Ikiwa kidogo hulinda meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki.

Msaada mmoja ni mkaa wa mifupa, ambao umetengenezwa katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, nalo limetengeneza machujio ya aina hiyo. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembe, huoshwa na kutiwa katika chujio. Maji yakipita, floraidi hunaswa.

Je, mkaa wetu wa jikoni hautoshi? Hautoshi. Watafiti huutia mkaa wa miti au wa mabaki ya mazao madini ya alumini au chuma ili unase floraidi, lakini hiyo ni kazi ya maabara. Tusiijaribu nyumbani.

Tufanye nini basi?

1. Kabla ya kutumia kisima kipya, tuombe wataalamu wa maji wakipime.

2. Floraidi ikizidi, watoto, hasa walio chini ya miaka 8, wanywe na kupikiwa maji mengine, kama ya mvua yaliyokingwa vizuri.

3. Tupunguze magadi katika maharage na makande. Baadhi yana floraidi nyingi.

4. Mwenye chujio abadilishe mkaa kwa wakati, kwani huchoka.

5. Tuendelee kuchemsha, maana mkaa si dawa ya vijidudu.

Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Mama humkinga mtoto kabla jino halijaota.