Bakteria Wasafishao Maji ya Ardhini

Katika karne ya ishirini viwanda vya nchi nyingi vilitumia kwa wingi viyeyushi viwili vyenye klorini. Kimoja ni trikloroethilini, kilichotumika kuondoa grisi kwenye vyuma. Cha pili ni tetrakloroethilini, kilichotumika kusafishia nguo zisizofaa kufuliwa kwa maji. Mabaki yake mara nyingi yalimwagwa ardhini. Kwa kuwa viyeyushi hivyo ni vizito kuliko maji, huzama hadi chini ya maji ya ardhini, na huko huyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi, vikitia sumu visima. Kuyavuta maji hayo kwa pampu ili yasafishwe ni kazi ya gharama kubwa ambayo aghalabu haifiki mwisho. Ndiyo maana wataalamu waliwageukia bakteria.

Namna wafanyavyo kazi

Binadamu hupata nguvu kwa kuunguza chakula mwilini, na elektroni zitokazo katika chakula hicho hupokewa na oksijeni aivutayo. Chini ya ardhi, mahali pasipo na oksijeni, wapo bakteria ambao huzikabidhi elektroni zao kwa viyeyushi vyenye klorini. Chakula chao ni hidrojeni, itolewayo na bakteria wengine wanaochachusha vitu vilivyooza. Katika tendo hilo atomu moja ya klorini hung'oka, na nafasi yake hushikwa na atomu ya hidrojeni.

Tetrakloroethilini ina atomu nne za klorini. Ikipoteza moja, huwa trikloroethilini. Ikipoteza ya pili, huwa dikloroethilini; ya tatu ikitoka, hubaki kloridi ya vinili. Ya nne ikitoka, hupatikana ethilini, gesi ileile itolewayo na ndizi zinapoiva.

Hatari iliyo njiani

Kloridi ya vinili ni sumu kali. Mwaka 1974 ilijulikana kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda cha plastiki huko Louisville, Kentucky, nchini Marekani, waliokuwa wakifanya kazi na kemikali hiyo, walikuwa wamepata saratani ya ini ya aina adimu sana. Kwa hiyo bakteria wakiishia hatua ya tatu, maji huwa yametolewa katika sumu moja na kutiwa katika nyingine.

Mwaka 1985 Timothy Vogel na Perry McCarty walionyesha kwamba tetrakloroethilini hugeuzwa na bakteria kuwa kloridi ya vinili. Mwaka 1989 David Freedman na James Gossett wa Chuo Kikuu cha Cornell walithibitisha kwamba safari inaweza kufika hadi kwenye ethilini. Mwaka 1997 watafiti wa chuo hichohicho walimtenga bakteria awezaye kupita hatua zote, aliyetokana na tope la maji machafu ya mji wa Ithaca. Bakteria huyo, ambaye leo huitwa Dehalococcoides mccartyi kwa heshima ya McCarty, hufa akiguswa na oksijeni. Hata yeye hatua ya mwisho huifanya polepole. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba huko Michigan amepatikana ndugu yake anayekua kwa kutumia kloridi ya vinili yenyewe.

Jaribio la Texas

Matokeo ya jaribio lililofanywa katika kituo cha ndege za kijeshi cha Kelly, mjini San Antonio, yalichapishwa mwaka 2002. Kwanza maji ya ardhini yalitiwa methanoli na asetati ili kuwalisha bakteria waliokuwamo. Kazi yao ilikwama kwenye dikloroethilini. Ndipo zikaongezwa lita 13 za mchanganyiko wa bakteria wenye Dehalococcoides. Katika muda wa siku 200, tetrakloroethilini, trikloroethilini na dikloroethilini zote zilishuka chini ya mikrogramu 5 kwa lita, na ethilini ikaonekana.

Jaribio hilo linafundisha kwamba chakula peke yake hakitoshi ikiwa bakteria anayehitajika hayupo, wala bakteria hafai kitu penye oksijeni au pasipo na chakula. Linafundisha pia namna ya kupima. Anayetangaza kwamba kisima kimetakata kwa sababu trikloroethilini imetoweka amepima nusu ya kazi. Hana budi kupima pia kloridi ya vinili, na kuitafuta ethilini.