Kidole Kikivunjika, Usikiache Kikauke

Ndugu mfanyakazi, nyundo imekupiga kidole, ama mlango wa vagoni umekibana. Picha ya radio inaonyesha mfupa umevunjika, lakini haukuhama. Munganga anakifunga pamoja na kidole jirani kwa sparadra, kisha anakuambia: kunja, kunjua. Wewe unarudi nyumbani na hasira: «Hata plasta ngumu hawakunitia!»

Tusikilizane. Mfupa wa namna hiyo unajishika wenyewe kwa majuma 3 ama 4 hivi, bila kupasuliwa. Hatari iko kwenye viungo na mishipa inayovuta kidole. Mkono ukivimba, maji yanajaa humo. Kidole kisipotikiswa, mahali pale panashikamana kama pamepakwa gundi. Nilimpokea mzee mmoja wa karakana aliyejifunga kidole kwa kijiti miezi 2, kwa woga. Mfupa ulipona vizuri sana. Lakini mpini wa nyundo hakuushika tena sawasawa, na hata tonge la bukari lilimponyoka.

Pete uivue mara moja, kabla ya uvimbe. Siku za kwanza mkono ukae juu kuliko moyo; usiku uweke juu ya mto. Mchana, kila saa, kunja vidole vyote polepole mara 10, halafu vinyoshe kabisa. Vitauma kidogo, lakini hauharibu kitu. Kazi nzito ingoje karibu majuma 6, mpaka munganga aruhusu. Uvimbe unaweza kubaki miezi, usiogope.

Na wewe mama wa nyumbani, usimkande mume wako kwa maji ya moto, wala usiite mtu wa kuvuta kidole.

Lakini si kila kidole kinatunzwa hivi. Ukikunja mkono na kidole kimoja kinapanda juu ya mwenzake, mfupa umezunguka. Hapo, ama kukiwa na kidonda juu ya mvunjiko, njoo siku ile ile. Pengine kupasuliwa ni lazima. Tena, ncha ikianguka chini na haiwezi kujinyosha yenyewe, ncha hiyo isikunjwe hata mara moja: inafungwa juu ya kibao majuma 6 mpaka 8, usiku na mchana.

Baada ya juma moja rudi kwa picha ya pili, hata kama hausikii maumivu. Mfupa unaweza kuhama kimyakimya.