Umekatwa utumbo? Hii ndio sababu daktari anataka upigwe CT scan

Msee akitoka theatre, swali la kwanza mtaani huwa, "Walikata ngapi?" Kumbe swali lenyewe ni, imebaki ngapi?

Utumbo mdogo wa mtu mzima ni kama mita 6, lakini kuna watu wa mita 3 na kuna wa mita 8. Sasa toa mita 2 kwa hao wawili. Mmoja anarudi kwa nyama choma yake kama kawaida, mwenzake amebaki na mita 1 tu. Ikishuka chini ya mita 2, hiyo inaitwa utumbo mfupi, na manze ni noma. Dishi inapita tu bila mwili kushika kitu. Unaharisha, unakonda, unakaukiwa maji.

Wengi hufika hapo juu ya utumbo kujisokota, damu kuganda kwa mshipa unaoulisha, ugonjwa wa Crohn ama risasi ya tumbo.

Shida ni kwamba ripoti ya theatre mara nyingi huandika kilichokatwa pekee. Usiku wa manane mgonjwa akienda, nani atatafuta rula?

Hapo ndio CT inaingia. Unaenda na njaa, unakunywa kama lita moja na nusu ya maji maalum polepole, karibu saa nzima, ndio utumbo ufunguke. Unadungwa dawa ya kung'arisha picha, na utaskia joto la ghafla mpaka udhani umejikojolea. Relax, hujajikojolea. Mashine yenyewe ni sekunde tu. Halafu daktari wa picha anafuata utumbo kwa kompyuta, kona kwa kona, kama earphone zilizojifunga mfukoni, akihesabu sentimita.

Hizo sentimita ndizo zinaamua maisha yako. Kama utumbo mpana haujaunganishwa na mdogo uko chini ya sentimita 100, kuna uwezekano mkubwa utalishwa kwa mshipa kwa muda mrefu. Ukiwa na utumbo mpana, hata 60 zinaweza kukubeba. Picha pia huonyesha kama ile sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo bado iko. Ikienda, vitamini B12 utaipata kwa sindano.

Utumbo hucheza na kujikunja, so namba ni makadirio. Uko na mimba ama figo mbaya? Sema kabla ya kudungwa.

Na kama mzae wako anaingia theatre wiki hii, omba daktari aandike imebaki ngapi.