Jina kubwa, mfuko mtupu: Afya ya mwigizaji anayejitafutia soko

Mfugaji akipeleka mbuzi katika soko la mifugo la Garissa na kukosa mnunuzi, humrudisha nyumbani na kumleta tena siku nyingine ya soko. Mwigizaji hana mbuzi. Anachokipeleka sokoni ni sura yake, sauti yake na mwili wake, na akikataliwa huona ni yeye mwenyewe aliyekataliwa. Hapo ndipo afya inapoanza kulegea.

Vijana wa Kaskazini Mashariki wanaopenda sanaa hii wana nafasi chache. Aghalabu huitwa kuigiza michezo ya mafunzo ya afya: chanjo ya polio, kifua kikuu, madhara ya ukeketaji. Mradi ukiwapo, hulipwa. Mradi ukiisha, malipo nayo huisha. Kazi nyingi za filamu na runinga ziko Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kwa basi. Kwa hiyo hana budi kujitangaza. Atapiga picha nzuri, atarekodi vipande vya uigizaji wake kwenye simu na kuwatumia watayarishaji.

Hilo si kosa hata kidogo. Kosa ni ule ushauri unaowadanganya vijana kwamba lazima mtu aonekane amefanikiwa kabla hajafanikiwa. Basi ataazima suti, atapiga picha kando ya gari la mwenyewe, na baadaye ataona haya kumwambia hata mamake kwamba tangu jana hajala. Kuficha njaa ni kazi nzito, nayo haina mshahara.

Wengine huituliza aibu hiyo kwa miraa. Majani haya yana kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humchangamsha mtu, huondoa njaa na usingizi, na kuongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mtafunaji hujiona hodari na maneno humtoka. Handasi ikishuka, huzuni na hasira huchukua mahali pake. Mwigizaji aliyekesha akitafuna hufika kwenye usaili akiwa na midomo mikavu na mistari imempotea.

Wasomali waliokaa katika kambi za Dadaab wana neno buufis. Ni ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomshika mtu hadi akashindwa kuishi pale alipo, na wengine huugua akili kwayo. Mwigizaji anayesubiri simu kutoka Nairobi au Marekani anaweza kupatwa na hali kama hiyo. Haanzi biashara, haoi, hasomi, kwa kuwa simu italia kesho.

Mfano unaotajwa sana ni wa Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Minneapolis, Marekani, mwaka 1999. Mwaka 2011 alijitokeza pamoja na watu zaidi ya 700 kutafuta nafasi katika filamu ya Captain Phillips. Alichaguliwa. Filamu ilitoka mwaka 2013, na mwaka uliofuata akashinda tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kuwania Oscar. Lakini malipo yake yalikuwa dola 65,000, na baada ya kurekodi alirudi kufanya kazi katika duka la simu la kakake. Kwa maoni yetu, duka hilo ndilo linalofaa kuigwa kuliko zulia jekundu. Alikuwa na mahali pa kuamkia.

Hapa kwetu, mwigizaji aliyejulikana kama Omosh katika kipindi cha Tahidi High alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba ameshindwa kulipa kodi ya nyumba. Wengi walimcheka, wengi zaidi wakamchangia. Sura yake ilikuwa imejulikana nchi nzima kwa miaka mingi, na hiyo haikuwa akiba.

Kwa hiyo, kijana, tangaza kazi uliyoifanya: mchezo gani, wapi, kwa lugha gani. Kisomali fasaha pamoja na Kiswahili ni mali, kitaje kwanza. Patana bei kabla ya kupanda jukwaani. Uwe na shughuli nyingine, na fungu lako katika ayuuto ya marafiki. Pia awepo mtu mmoja anayeijua hali yako halisi.

Usingizi ukikupotea kwa wiki mbili, chakula kikakosa ladha, au ukaanza kutamani kufa, usingojee. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au kituo chochote cha afya kilicho karibu, ukaseme hivyo hivyo bila kuigiza. Na kwa kuwa mwigizaji hana mwajiri wa kumkata ada, jiandikishe mwenyewe katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kabla homa haijakukuta.