Hesabu ya Tangi Itangulie Gari

Vijana wetu kadhaa wanaohitimu masomo wamegundua kwamba kuna riziki katika kuosha kuta, mapaa na nyua za watu. Kijana hununua pikapu kuukuu, akapakia tangi, pampu na mpira, kisha akamfuata mteja nyumbani kwake badala ya kumngoja kando ya barabara. Ni kazi ya heshima nami naiunga mkono kwa dhati. Linalonitia wasiwasi ni kwamba aghalabu gari hununuliwa kwanza, hesabu ikafuata baadaye.

Hebu tuchukue mfano. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa huwa na tani nzima. Pikapu nyingi za kawaida hubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo pia dereva, wasaidizi wake, injini ya pampu, ngazi na sabuni. Gari la namna hiyo limekwisha kulemewa kabla halijaondoka. Springi zitakatika, magurudumu yatapasuka, na breki zitachelewa kushika. Hapo si mtaji wa mkopo pekee ulio hatarini, bali pia roho za watu.

Isitoshe, maji hayatulii. Tangi lililojaa nusu lina hila kuliko lililojaa pomoni: gari likifunga breki, maji hukimbilia mbele, likikata kona, huelemea upande mmoja. Ndiyo maana yafaa tangi liwe na vizuizi ndani yake, likae chini iwezekanavyo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na lifungwe kwa mikanda madhubuti.

Huenda msomaji akauliza: je, tangi la lita 500 si litakwisha upesi? Natuseme pampu yatumia lita 10 kwa dakika. Bila kuongezwa maji, tangi hilo litakauka baada ya dakika 50. Lakini endapo bomba la mteja latoa lita 6 kwa dakika na kuelekezwa tangini wakati kazi ikiendelea, upungufu ni lita 4 tu. Tangi lile lile litadumu dakika 125, yaani zaidi ya saa mbili. Kumbe kazi ya tangi si kuwa ghala; ni kufidia unyonge wa bomba. Haba na haba hujaza kibaba. Palipo na mgao wa maji, ni heri kwenda safari mbili kuliko kulivunja gari kwa safari moja.

Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, pamoja na fizikia kidogo ya shule ya upili. Ombi langu kwa walimu wenzangu ni hili: tuwatoe wanafunzi darasani, tuwapeleke penye gari na tangi, wapime ndoo inajaa kwa muda gani, kisha wakokotoe wenyewe. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba hesabu ni ya mtihani tu. Atakayeijua atanunua tangi linalolifaa gari lake. Asiyeijua atafunzwa na fundi wa springi, na karo ya mwalimu huyo ni ghali.