Bibi Shamba Amebadili Jina: Barua Zetu Zitamfikia?

Siku hizi vyama vyetu vya ushirika hupeleka barua wilayani kwa barua pepe, yaani barua inayopita kwenye simu au kompyuta. Sasa tuseme Bibi Shamba ameolewa, akachukua jina la mumewe. Anataka anwani yake ionyeshe jina jipya. Je, ile ya zamani ifutwe?

La, isifutwe! Ikifutwa, barua yetu ya kuomba mbegu haimfikii, na mvua ndiyo hiyo inanyesha.

Kwanza fundi wa kompyuta wa ofisi aone cheti cha ndoa. Asifuate maneno ya simu tu, maana matapeli wapo. Kisha sanduku la barua libaki lile lile, ila liwe na anwani mbili: mpya ya kuandikia, ya zamani ya kupokelea. Ni kama mama anayeitwa Asha na pia Mama Juma. Ukiita lolote anaitika. Akifunguliwa sanduku jingine jipya, barua zake zitagawanyika huku na huku.

Na anwani ya zamani asipewe mfanyakazi mwingine, hata kama majina yamefanana. Huyo atasoma siri za watu!

Sisi nasi tuandike anwani mpya kwenye daftari la ushirika.