Karatasi Imwandamayo Askari

Askari aondokapo katika jeshi la Marekani hukabidhiwa karatasi iitwayo DD 214, na ndani yake mna maneno machache yaelezayo aliondoka kwa namna gani. Daraja la juu ni kuondoka kwa heshima. Lifuatalo lingali ndani ya heshima, ila limepungua. La tatu ni lile lisilokuwa la heshima, ambalo wakubwa wa jeshi waweza kulitoa pasipo kumfikisha mtu mahakamani. Mawili ya mwisho hutolewa na mahakama ya kijeshi. Mwenye daraja la chini huenda akakosa matibabu, malipo ya ulemavu na ada za masomo, na mwajiri aiombaye karatasi hiyo huyasoma maneno yale kabla hajamtazama mwenyewe usoni.

Huenda msomaji wetu akauliza: yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Wako Wakenya waliohamia Marekani wakajiunga na jeshi la huko, na baadhi yao wakapata uraia kwa njia hiyo. Sheria ya nchi ile yasema kwamba aliyepata uraia kwa utumishi wa jeshi, kisha akaondolewa pasipo heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema, aweza kupokonywa uraia huo.

Na mara nyingi kosa lenyewe lina mzizi. Kijana amewaona wenzake wakiraruliwa na bomu. Arudipo, usingizi humpaa, mlango ukibamizwa huruka, huanza kunywa, hugombana na mkubwa wake, na siku moja haonekani kambini. Kamanda huona utovu wa nidhamu. Tabibu angeona maradhi ya kiwewe. Wazee wetu wangemwandikia kombe, na tusiwacheke, kwani angalau walitambua kuwa mtu huyu amepatwa na jambo, wala si mkaidi.

Matabibu wa akili wa Marekani waliyaingiza maradhi haya katika kitabu chao rasmi mwaka 1980, ilhali vita vya Vietnam vilikwisha 1975. Wengi basi walifukuzwa kabla ugonjwa wao haujapata jina. Mmoja wao, Conley Monk, aliyepigana Vietnam katika kikosi cha Marine, aliungana na wenziwe wakalishitaki jeshi mwaka 2014, wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa chuo cha Yale. Septemba ya mwaka huo huo Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliziamuru bodi za jeshi ziyatazame kwa upole maombi ya wenye kiwewe. Monk mwenyewe alibadilishiwa karatasi baadaye.

Isidhaniwe kwamba hayo yalikuwa ya Vietnam pekee. Wakaguzi wa serikali yao walieleza mwaka 2017 kwamba, kati ya askari 91,764 walioondolewa kwa utovu wa nidhamu tangu 2011 hadi 2015, asilimia 62 walikuwa wamekutwa na kiwewe, jeraha la ubongo au maradhi mengine ya namna hiyo katika miaka miwili kabla ya kuondolewa. Jeshi lilikuwa na habari ya ugonjwa, na bado likawafukuza!

Mwaka huo wa 2017 ukatoka mwongozo mwingine wenye maswali manne: je, mtu alikuwa na maradhi au masaibu yawezayo kuwa udhuru? Yalimpata akiwa jeshini? Yanalieleza kweli kosa lake? Na je, uzito wake unalizidi kosa? Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani kosa zito laweza kulemea mizani.

Aliyeondoka chini ya miaka 15 iliyopita hujaza fomu 293 kwa bodi ya mapitio. Aliyepitisha muda huo, au aliyehukumiwa na mahakama kuu ya kijeshi, hujaza fomu 149 kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Twaona ni dhuluma kumtwika mgonjwa kazi ya kukusanya makaratasi, lakini ndivyo ilivyo, na jamaa ndio wanaoweza kumbebea. Mwongozo unakubali ushahidi wa mke, wazazi, marafiki na viongozi wa dini. Barua ya imamu aliyemjua kijana kabla na baada ya vita, akataja aliyoyaona kwa macho yake na tarehe zake, ina nafasi katika faili hilo. Na aliyekataliwa na bodi ya mapitio bado aweza kwenda kwa ile ya kusahihisha.